Pikipiki ya Kigango na Lita Moja ya Oili



Katika jarida letu tumezoea kusoma juu ya wito, sala, liturujia na maisha ya watakatifu. Safari hii tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tunataka kuzungumzia pikipiki. Sisi ni mafrateri wawili, wote tuna miaka 25, na tunasoma falsafa. Likizo mbili zilizopita tulitumwa pamoja kwenye utume Mkoa wa Pwani. Ya kwanza tulikaa upande wa Kibaha, wakati wa kiangazi. Ya pili tulikaa upande wa Kisarawe, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza. Huko tuliona kwamba swali la nani atafika kwa mgonjwa, nani atafundisha wakatekumeni, na kigango gani kitapata Misa, mara nyingi linajibiwa na vitu vidogo kuliko tulivyodhani: chujio la hewa, cheni, na lita moja ya oili.

Anayeijua Pwani kwa kupita barabara kuu ya Morogoro tu atashangaa akiiacha lami. Ukitoka Mlandizi kuelekea kusini, kupitia Mzenga hadi Maneromango, unaingia katika nchi ya mikorosho, mihogo na minanasi, na vijia vinavyoingia vijijini ni vya namna tatu. Kuna mchanga, ambao kiangazi unakuwa laini kama unga, na tairi la mbele linajichagulia lenyewe pa kwenda. Kuna mfinyanzi wa mabondeni, ambao mvua ikinyesha hujishindilia kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Na kuna vilima vya Pugu na Kisarawe. Pugu inajulikana kwa akiba yake kubwa ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo, na udongo wa namna hiyo ukilowa huteleza kama sabuni. Katekista wa vigango anaweza kukutana na njia zote tatu katika Jumapili moja.

Tulipokuwa Kibaha tulifahamiana na fundi mmoja wa pikipiki mwenye kibanda chini ya mwembe, pale Mlandizi. Ni Mwislamu mcha Mungu. Adhana ikisikika huweka spana chini, hunawa mikono kwa sabuni ya unga na kwenda zake msikitini, na mteja humsubiri. Alituita "wanafunzi wa dini", akatukaribisha kwenye benchi lake kila jioni tulipokuwa na nafasi. Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba mteja akileta pikipiki, fundi hamuulizi ametembea kilomita ngapi. Anamuuliza, "Umepita wapi?"

Tulipomuuliza kwa nini, alitufungulia vitu vitatu mbele ya macho yetu.

Cha kwanza kilikuwa chujio la hewa, ambalo mafundi wengi huliita ea klina. Injini inavuta hewa nyingi kila dakika, na kwenye njia za mchanga hewa hiyo imejaa vumbi. Chujio likijaa, injini inakosa pumzi na pikipiki inalegea mlimani. Hapo dereva asiye na subira hulitoa kabisa. Pikipiki inapata nguvu siku hiyo hiyo, naye anafurahi. Lakini vumbi sasa linaingia moja kwa moja kwenye silinda, linasaga ringi na ukuta wa silinda kama msasa. Baada ya muda unatoka moshi wa bluu, maana yake oili inapanda na kuungua, na kazi ambayo ingekuwa ya kufua kipande cha sponji kwa sabuni imekuwa kazi ya kufungua injini.

Cha pili kilikuwa oili. Injini nyingi za pikipiki ndogo hubeba takriban lita moja tu, na lita hiyo moja inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Dereva akiwa kwenye tope, anatembea gia ya kwanza na ya pili, klachi ameishika nusu, injini inapiga kelele na upepo wa kuipoza haupo. Vumbi la klachi na chembe za chuma zinaingia kwenye oili ile ile. Fundi alimwaga kidogo kiganjani, ikawa nyeusi na nyepesi kama chai ya rangi. Alisema, "Hii bado ipo, lakini haifanyi kazi."

Cha tatu kilikuwa cheni. Wengi wanadhani kuitunza ni kuipaka grisi nyingi. Fundi alituonyesha kwamba grisi nene ikichanganyika na mchanga inakuwa dawa ya kunolea, inakula cheni na meno ya sproketi. Alitaka cheni isafishwe, ikaushwe, ipakwe oili kidogo, na isikazwe mno wala kuachwa ikining'inia. Halafu spoki zikaguliwe kwa kuzigonga na spana moja baada ya nyingine, kwa sababu iliyolegea hutoa sauti tofauti, na baada ya kuvuka maji breki za ngoma zikaushwe kwa kuzikanyaga polepole kabla ya kuteremka kilima.

Hakuna kati ya kazi hizi inayohitaji akili nyingi, na zote zinahitaji kurudiwa. Sisi tunaosoma Aristotle tulijikuta tunatazamana. Mwanafalsafa huyo anafundisha kwamba fadhila haizaliwi nasi wala haiji kwa tendo moja kubwa. Mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda matendo ya haki tena na tena, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Tumelijibu swali hilo kwenye mitihani. Pale kwenye benchi tuliona upande wake mwingine, kwamba uharibifu nao hauji kwa tendo moja. Injini haifi siku inayozimika. Ilianza kufa miezi kadhaa nyuma, siku ambayo mtu alisema, "Nitabadilisha oili wiki ijayo."

Wapo waliojaribu kulitatua jambo hili kwa uhandisi. Miaka ya 1970 kampuni ya Honda ilitambua kwamba pikipiki zake ndogo zilizouzwa katika nchi zenye barabara mbovu na mafundi wachache zilikuwa zinaharibika kwa sababu watu hawakubadilisha oili kwa wakati. Mwaka 1976 ikatoa CG125. Wahandisi waliacha muundo wa kisasa ambao kamshafti inakaa juu ya silinda na kuzungushwa na cheni ndogo. Wakarudi kwenye muundo wa kizamani: kamshafti inakaa chini, na vyuma vyembamba vinapanda kusukuma valvu. Kwa lugha nyepesi, walitengeneza injini inayovumilia uzembe zaidi. Injini za pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani kwetu zinafuata muundo huo huo. Kwa hiyo vijana wengi wa bodaboda wa Kibaha na Kisarawe wanakalia wazo la miaka karibu 50 iliyopita la kumhurumia mtu asiyebadilisha oili.

Lakini kuvumilia kuna mwisho. Huko Ulaya kuna mchezo wa pikipiki uitwao trial. Wachezaji wanapanda miamba, magogo na maporomoko polepole, na anayegusa ardhi kwa mguu anahesabiwa makosa. Pikipiki zake ni nyepesi, kama kilo 70 tu, na hazina kiti cha kukalia. Mhispania Toni Bou amekuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka baada ya mwaka tangu 2007. Kilichotuvutia ni namna wanavyohesabu matunzo. Kilomita hazina maana kwao, kwa sababu pikipiki inaweza kufanya kazi ngumu saa nzima bila kuondoka kwenye eneo la uwanja wa mpira. Wanahesabu saa za injini. Baada ya saa kadhaa oili inamwagwa, chujio linafuliwa na boliti zinakazwa, hata kama pikipiki inaonekana nzima.

Hapo tulielewa kwa nini fundi wetu wa Mlandizi anauliza "Umepita wapi?" Katekista anayekwenda kigango cha kilomita 20 kwa saa mbili za tope amefanya trial, ila hakuna mtu anayemhesabia saa. Mita ya kilomita, kama bado inafanya kazi, inasema 20. Injini yenyewe imefanya kazi ya safari ndefu kuliko hiyo.

Likizo ya pili tukafika Kisarawe. Pikipiki ya parokia tuliikuta nyuma ya nyumba ya mapadri, imeegemezwa ukutani, kuku wametaga chini yake. Ilikuwa imenoki tangu masika ya Aprili. Katekista, ambaye watu wote wanamwita Mwalimu, alitusimulia yaliyotokea, tukiwa tumekaa kwenye mkeka kwake baada ya chakula cha jioni.

Mama mmoja mzee wa kigango cha mbali alizidiwa. Mwanawe alipanda mti wa mwembe ili apate mtandao, akampigia Mwalimu saa kumi jioni. Mwalimu alikwenda kumchukua padri, wakaondoka pamoja, mvua ikinyesha. Bondeni waliingia kwenye mfinyanzi. Walisukuma, wakatoa tope kwenye madigadi kwa kijiti, wakaendelea. Kwenye kilima cha pili injini ikapiga mlio mmoja mkali ikakaa kimya. Hapakuwa na gari wala bodaboda iliyokubali kupita njia ile usiku ule. Waliilaza pikipiki kwenye boma la mtu, wakatembea. Walifika alfajiri. Mama alikuwa amefariki saa chache kabla.

Mwalimu alinyamaza, halafu akasema, "Frateri, yule mama alinisimamia kipaimara changu."

Kanisa linatufundisha kwamba Mungu hafungwi na sakramenti zake, na sisi tunaamini kwamba mama yule, aliyesali rozari maisha yake yote, hakuachwa peke yake usiku ule. Imani hiyo inatufariji. Lakini haitupi ruhusa ya kusema kwamba haikuwa na tofauti yoyote kama padri angefika saa moja usiku badala ya alfajiri. Aliomba Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, akiwa na haki ya kuvipata, na padri alikuwa njiani akitaka kumpa. Kilichokuwa katikati yao kilikuwa injini.

Hatusimulii haya ili kumtafuta wa kulaumiwa. Tulimuuliza Mwalimu kwa upole oili ilikuwa inabadilishwa lini. Alijibu bila kuficha, "Nikiuza mihogo. Msimu ambao mihogo haijauzika, naongeza tu kidogo." Kisha akaongeza neno ambalo hatujalisahau. "Siku waliyonikabidhi pikipiki walinipongeza sana, wakapiga na picha. Hakuna aliyeniuliza oili nitanunua kwa pesa ipi."

Kutoa vyombo vya usafiri kwa ajili ya misioni ni kazi njema yenye historia. Mwaka 1927 Padri Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, alianzisha chama kiitwacho MIVA cha kuwasaidia wamisionari kupata magari, mashua, pikipiki na hata ndege. Msukumo wake ulikuwa kifo cha rafiki yake, mmisionari katika nchi ambayo leo ni Namibia, aliyefariki kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitali upesi. Tangu hapo vyombo vingi vimefika katika parokia za Afrika kwa njia hiyo, na waamini wetu wenyewe wamejifunza kufanya harambee za pikipiki za makatekista. Tunalisifu jambo hili. Tunachouliza ni kitu kingine: kwa nini harambee ya kununua pikipiki inajaza ukumbi, na hatujawahi kusikia harambee ya kubadilisha oili?

Sababu moja ni kwamba kitu kipya kinaonekana. Kinabarikiwa, kinafungwa maua, kinapigwa picha. Oili haionekani, na ikifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea. Sababu ya pili iko katika falsafa tunayosoma. Katika kitabu chake cha Siasa, Aristotle anasema kwamba kitu kinachomilikiwa na watu wengi ndicho kinachopata matunzo machache, kwa kuwa kila mmoja anafikiri mwingine atakishughulikia. Mtakatifu Thoma wa Akwino analichukua wazo hilo anapoeleza kwa nini ni halali mtu kuwa na mali yake: mtu hukijali zaidi kile kilicho chini ya mikono yake. Lakini Thoma hamalizii hapo. Anaongeza kwamba katika matumizi, mtu asivihesabu vitu kuwa vyake peke yake, bali awe tayari kuvishiriki na wenye shida.

Ushahidi wa hilo upo kijiwe chochote cha bodaboda. Kijana anayeendesha kwa hesabu, yaani anampelekea tajiri kiasi fulani kila siku, mara nyingi huendesha ilimradi siku ipite. Kijana mwenye mkataba, ambaye akimaliza malipo pikipiki inakuwa yake, huifuta kwa kitambaa akingoja abiria. Pikipiki ni aina moja, barabara ni moja. Sasa pikipiki ya parokia ni ya nani? Ni ya Paroko, ya Halmashauri ya Walei, ya Mwalimu, ya vigango vyote. Kwa hiyo siku ya kubadilisha oili inakuwa haina mwenyewe.

Sheria ya Kanisa inaliona tatizo hili. Kanuni ya 1284 inawataka wote wanaosimamia mali za Kanisa wafanye kazi hiyo kwa bidii ya baba mwema wa familia, na inataja wazi kwamba wahakikishe mali iliyo chini yao haipotei wala haiharibiki. Tulipofundishwa hayo tulifikiria majengo, mashamba na fedha za benki. Hatukufikiria ea klina.

Na kama ni suala la roho, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Wamisionari Wabenediktini walipofika nchi yetu mwaka 1888 walijenga misioni yao ya kwanza Pugu, mlangoni pa Kisarawe. Haikudumu. Januari 1889, wakati wa vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, iliharibiwa na baadhi ya wamisionari waliuawa. Lakini Kanuni waliyokuja nayo, ile ya Mtakatifu Benedikto, ina sura juu ya mtunza ghala wa monasteri, na humo inamtaka avitazame vyombo vyote vya nyumba, majembe na masufuria pamoja, kwa heshima ile ile inayotolewa kwa vyombo vitakatifu vya altare. Tulipoyakumbuka maneno hayo tukiwa mbele ya pikipiki yenye mayai ya kuku chini yake, tulijiuliza kitu rahisi. Kalisi hatuiachi na kutu. Baada ya Misa inafutwa kwa kitambaa safi na kufungiwa kabatini. Chombo kinachompeleka padri na Mwili wa Kristo hadi kitandani pa mgonjwa kinastahili angalau kufuliwa chujio.

Mwezi huo wa Desemba Halmashauri ya Walei ilikutana, na hoja ya pikipiki ilikuwa mezani. Paroko alituruhusu tukae nyuma tusikilize. Wengi walitaka harambee ya pikipiki mpya wakati wa sherehe za Noeli, na mzee mmoja alisema haifai Mwalimu aendelee kutembea kwa miguu kama enzi za babu zetu. Alikuwa na haki. Tangu Aprili darasa la wakatekumeni la kigango kile cha mbali lilikuwa limesimama, na watu wazima waliotarajiwa kubatizwa Pasaka walikuwa wameanza kukata tamaa.

Akasimama mama mmoja wa WAWATA. Alisema, "Huyu mtoto wa kwanza hatukumlea. Mkituletea wa pili, nani atamnyonyesha?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza.

Kijana mmoja wa bodaboda, mwimbaji wa kwaya, aliomba nafasi. Alieleza kwamba kunoki si lazima iwe mwisho. Silinda inaweza kuchongwa, pistoni na ringi zikawekwa mpya, beringi zikabadilishwa, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua nyingine. Sisi tulipoulizwa, tulimtaja fundi wa Mlandizi. Mjadala ulikuwa mrefu. Wengine waliona kutengeneza ni aibu, kama vile parokia imeshindwa. Wengine waliogopa spea feki. Mwishoni walikubaliana mambo matatu: injini itengenezwe; kila jumuiya ndogo ndogo ichukue zamu ya mwezi mmoja kununua oili na kumlipa fundi; na Mwalimu awe na daftari la matunzo, asomewe hesabu yake kila mkutano kama zinavyosomwa sadaka.

Injini ilipelekwa Mlandizi juu ya kanta iliyobeba mananasi. Ilirudi baada ya siku tisa. Fundi hakutoza kazi ya kufungua na kufunga, alitaka bei ya spea tu. Mwalimu alipomshukuru, alijibu, "Mgonjwa ni wa Mungu, Mwalimu. Nyinyi bebeni." Kisha akamkalisha kwenye benchi lile lile, akamwonyesha vitu vitatu tulivyoonyeshwa sisi.

Daftari tumeliona. Ni daftari la kawaida la shule. Kurasa za mbele zina majina ya wakatekumeni na mahudhurio yao. Kurasa za nyuma zina safu nne: tarehe, njia aliyopita, saa alizotumia njiani, na kilichofanyika. Mwalimu hahesabu kilomita. Ameandika, kwa mfano, "Bondeni, tope, saa mbili na nusu", na chini yake, "chujio limefuliwa". Akifikisha saa walizokubaliana na fundi, anabadilisha oili hata kama bado inaonekana nzuri. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba kuona mbali ni sehemu muhimu ya busara, na tunadhani kurasa zile za nyuma ni mfano mzuri wake, pengine mzuri kuliko insha zetu.

Injili inasimulia juu ya wanawali kumi. Huwa tunawafikiria wale watano wapumbavu kana kwamba hawakuwa na chochote. Lakini taa walikuwa nazo, tena zilikuwa zinawaka. Walichokosa ni mafuta ya akiba ya kungojea mpaka usiku wa manane. Parokia yenye pikipiki isiyo na fungu la oili iko katika hali hiyo. Taa inayo, na imeshapigwa picha.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tunaijua wote tangu darasa la tatu. Kuijua hakujatutosha. Inahitaji kuwekewa tarehe, jina la mhusika na shilingi. Ndiyo maana tunawaomba waamini mnaosoma makala haya mfanye jambo moja dogo. Jumapili ijayo, baada ya Misa, mwulizeni katekista wenu kwa heshima: oili ya pikipiki inanunuliwa na nani? Akijibu kwamba ananunua mwenyewe, mmeshapata sadaka ya kutoa. Lita moja haizidi bei ya kuku wa kienyeji. Na kwa mafrateri wenzetu tunaopenda kujadili maana ya kuwepo mpaka taa za bweni zinazimwa, tunashauri kila mmoja ajifunze kufua chujio la hewa kabla ya kupewa daraja. Huko tutakakotumwa, wengi wetu tutapanda pikipiki mara nyingi kuliko tutakavyopanda mimbari.

Hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yote yamekwenda sawa. Kwa habari tulizopata kwa simu, jumuiya mbili kati ya tatu za kwanza zilichelewa na zamu, na Mwalimu alilazimika tena kuuza mihogo. Mama wa WAWATA amezifuatilia nyumba kwa nyumba, na moja imeshalipa. Darasa la wakatekumeni limeanza upya, Jumamosi saa nane mchana. Masika yataingia Machi, na zamu ya mwezi huo ni ya jumuiya iliyoko bondeni kabisa, ile ambayo padri anakwama kabla ya kuifikia. Wamesema watatoa mapema. Tuwaombee, na tumwombee Mwalimu.